Mwisho wa Utawala wa Watemi Usukumani: Funzo kwa Kada

Ubeberu haukuziangusha tawala za wenyeji kwa njia moja. Mwaka 1893, katika visiwa vya Hawaii, wafanyabiashara na wenye mashamba ya miwa, wakisaidiwa na askari wa majini wa Marekani, walimpindua Malkia Liliuokalani. Mwaka 1898 visiwa hivyo vikatwaliwa na Marekani. Huko mtawala aliondolewa kwa sababu alisimama njiani pa mtaji. Usukumani mbinu ilikuwa nyingine: mtemi aliachwa kitini, akanyang'anywa watu wake. Njia hii ya pili ndiyo tunayotaka kuichambua.

Kabla ya Wajerumani kufika Mwanza mwaka 1890, Usukuma haukuwa dola moja. Ulikuwa na himaya nyingi ndogo, kila moja na mtemi wake. Tusizipambe himaya hizo. Mtemi alipokea ushuru na kulimiwa mashamba. Lakini mamlaka yake yalikuwa na mpaka. Wazee wa banang'oma ndio waliomchagua, na maafa yalipozidi waliweza kumwondoa. Isitoshe, ardhi ilikuwa tele, na mkulima aliyeonewa aliweza kuhamia kwa mtemi mwingine. Kwa hiyo mtemi aliogopa kuachwa na watu.

Mkoloni aliukata uhusiano huo. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, ilimfanya mtemi kuwa ngazi ya chini ya serikali ya Waingereza. Akalipwa mshahara, akakusanya kodi, akaendesha baraza la hukumu. Aliyeweza kumfukuza sasa alikuwa mkoloni. Mwaka 1946 watemi waliunganishwa katika Shirikisho la Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Mwaka uliofuata ukaja Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, pamoja na amri za kulima kwa matuta, kupanda mihogo na kupunguza ng'ombe. Amri zilitungwa na mabwana wa ofisini. Faini ilitozwa na baraza la mtemi. Hivyo chuki ya wakulima ikamwangukia mtemi.

Si kwamba watemi wote walikosa upeo. Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, akiwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza. Tatizo halikuwa tabia ya mtu mmoja mmoja. Lilikuwa kiti chenyewe, ambacho miguu yake ilisimama katika ofisi ya mkoloni.

Wakulima nao walijenga vyombo vyao. Wakulima wa pamba waliunda vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Shirikisho la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. TANU, iliyozaliwa 1954, ilinyimwa ruhusa ya kufanya kazi Usukumani hadi mwaka 1958. Mwaka huo huo serikali iliipachika Geita halmashauri ya rangi mchanganyiko bila ridhaa ya wananchi. Wananchi waliikataa, wakaandamana hadi Mwanza. Leo msafiri wa kutoka Geita huvuka ghuba kwa daraja kutoka Busisi hadi Kigongo. Wao hawakuwa na daraja, lakini walikuwa na umoja. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, ila halmashauri ile haikudumu.

Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta madaraka ya watemi. Hakuna vita vilivyopiganwa kuwatetea. Kwa nini utawala wa vizazi vingi ulizimika kwa sheria moja? Kwa sababu ulikwisha kufa ndani. Sheria ilizika tu kilichouawa na mshahara wa mkoloni.

Funzo hili halikuisha na watemi. Kiongozi yeyote anayewajibika kwa wa juu peke yake, anayepeleka amri kijijini asirudi na kilio cha kijiji, amekalia kiti kile kile, hata akijiita ndugu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitambua hatari hiyo. Kwa hiyo, kada apimwe kwa swali ambalo banang'oma walilijua: watu hawa wakikukataa, je, wanaweza kukuondoa? Jibu likiwa hapana, kazi ya kujenga Chama mahali hapo bado haijaanza.