Kutoka Zizi la Ng'ombe hadi Wodi ya Upasuaji

Katika karne ya 18 wakunga na madaktari wa Ulaya waliufahamu vizuri ugonjwa huu: mzazi amejifungua salama, siku chache baadaye mguu wake mmoja unavimba, unakuwa mweupe na kuuma hata hawezi kuukanyagia. Sababu yake ndiyo iliyowapiga chenga. Wengi waliamini kwamba maziwa yasiyotoka kifuani yameteremkia mguuni, basi mama akahimizwa anyonyeshe zaidi. Wako waliopona. Wako pia waliokatika pumzi ghafla, wakafariki kabla hata ya kuitiwa daktari, na hakuna aliyehusisha kifo hicho na ule mguu.

Aliyevihusisha viwili hivyo alikuwa Rudolf Virchow, daktari kijana wa hospitali ya Charité, Berlin. Katika miaka ya 1840, akipasua maiti baada ya maiti, alikuta madonge ya damu yameziba mishipa ya mapafu. Wakubwa wake walidhani yameganda papo hapo. Virchow alishuku kwamba yametoka mbali. Alichukua vipande vya mpira, akavipenyeza katika mshipa wa shingo wa mbwa, kisha akavitafuta na kuvikuta mapafuni. Hoja ikawa imethibitika: damu inaweza kuganda ndani ya vena za mguu, donge likameguka, likapanda na mkondo wa damu hadi kwenye moyo na kusukumwa mapafuni. Likiwa dogo, mgonjwa hubanwa na kifua. Likiwa kubwa, hufa.

Kutokana na kazi yake tunafundishwa hadi leo mambo matatu yanayoleta madonge: damu kutuama, mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Mwanamke aliyetoka kujifungua anaweza kuwa nayo yote matatu kwa mpigo. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga vilevile. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya Virchow, agizo la hospitali kwa wagonjwa wa aina hiyo lilikuwa ni kulala kitandani, tena kwa wiki kadhaa. Inauma kufikiri ni wangapi waliuawa na mapumziko waliyoandikiwa kwa nia njema.

Dawa ya kwanza ilijitokeza pasipotarajiwa. Mwaka 1916, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Jay McLean alipewa na mwalimu wake, William Howell, kazi ya kuchunguza vitu vinavyogandisha damu. Katika maini ya mbwa akapata kitu kinachofanya kinyume chake. Ndiyo asili ya heparini. Ilichukua karibu miaka 20 kuisafisha ifae kwa binadamu, kazi iliyofanywa hasa Toronto na Stockholm. Wagonjwa wa kwanza wa Toronto waliipata mwaka 1935. Ilifanya kazi, lakini ilikuwa ghali na ya kudungwa tu. Ilihitajika dawa ya kumeza, na hiyo ilitoka kwa wafugaji.

Tangu miaka ya 1920 mifugo ya nyanda za kaskazini mwa Marekani na Kanada ilikuwa ikifa kwa kuvuja damu. Ng'ombe akikatwa pembe, au fahali akihasiwa, damu haikomi. Daktari wa mifugo Frank Schofield wa Ontario alibaini kwamba wote walikuwa wamelishwa nyasi kavu za klova tamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, zilizoota ukungu. Akatenganisha mabua mazuri na yaliyooza kutoka rundo lilelile, akamlisha sungura mmoja haya na mwingine yale. Wa mabua mazuri akaishi. Wa mabua mabovu akafa kwa kuvuja damu. Ushauri ulikuwa ni kuyatupa malisho hayo, lakini baada ya mdororo wa uchumi mfugaji maskini hakuwa na mengine ya kununua.

Ed Carlson wa Deer Park, Wisconsin, alikuwa mmoja wao. Jumamosi moja ya Februari 1933, baada ya kupoteza ng'ombe kadhaa, alipakia kwenye gari mtamba aliyekufa, kopo la kubebea maziwa lililojaa damu isiyoganda, na karibu kilo 45 za zile nyasi, akaendesha kilometa 300 hivi katika dhoruba ya theluji hadi Madison. Ofisi ya daktari wa mifugo wa jimbo ilikuwa imefungwa. Mlango aliokuta wazi ulikuwa wa maabara ya Karl Paul Link, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Link hakuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba aache kuwalisha nyasi zile na, akiweza, awaongezee damu wanaougua. Mkulima akarudi alikotoka na jibu hilo.

Msaidizi wa Link, Mjerumani Eugen Schoeffel, hakuweza kulivumilia. Link alisimulia baadaye jinsi Schoeffel alivyotumbukiza mikono katika lile kopo mara kwa mara, akiguna na kulalamika kwamba mtu kama Carlson hana njia. Siku hiyohiyo wakaanza kazi. Miaka 6 ilipita. Juni 1939 Harold Campbell, mwanafunzi wa Link, alipata hatimaye fuwele safi za sumu hiyo. Ndipo kisa kikaeleweka: ndani ya klova mna kemikali iitwayo kumarini, ambayo ndiyo hutoa ile harufu nzuri ya nyasi mbichi, na ukungu huigeuza kuwa dikumaroli. Dikumaroli huizuia vitamini K isilisaidie ini kutengeneza protini za kugandisha damu. Miaka michache tu baadaye madaktari wakawa wanawapa wagonjwa wao sumu iliyoua ng'ombe wa Carlson, kwa kipimo kidogo.

Link aliendelea kuunda jamii za kemikali hiyo, na ile ya 42 katika orodha yake ikatolewa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Ni warfarini. Mwaka 1951 askari mmoja wa Marekani aliinywa akikusudia kujiua, akatibiwa kwa vitamini K na kupona kabisa. Kupona kwake kuliwapa madaktari ujasiri: dawa yenye kinga yake inaweza kutumiwa na watu. Iliruhusiwa mwaka 1954, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower alipewa baada ya kupata shambulio la moyo.

Lakini kuwa na dawa si sawa na kujua kwamba inaokoa. Dawa hizi huvujisha damu, na daktari wa upasuaji mwenye mgonjwa aliyeshonwa juzi alikuwa na kila sababu ya kuziogopa. Katika hospitali ya Bristol, Uingereza, D. W. Barritt na S. C. Jordan waliamua kuupata ukweli kwa hesabu. Waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 35 walioonekana kuwa na donge mapafuni. Kati ya 19 wasiopewa dawa, 5 walikufa kwa donge jingine na wengine 5 walipata donge tena wakanusurika. Kati ya 16 waliopewa, hakuna aliyekufa kwa donge. Wakasimamisha bahati nasibu hapo, kila aliyefuata akapewa dawa. Ripoti yao ilitoka mwaka 1960. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote katika historia hii. Wale 5 hawatajwi kwa majina popote, ila kila anayetibiwa leo ananufaika na kilichowapata.

Yakabaki ya kinga. Dalili ya kwanza ilionekana London mwaka 1940, ndege za Ujerumani zilipokuwa zikipiga mji. Daktari mpasua maiti Keith Simpson aliona kwamba vifo vya ghafla kwa donge la mapafu vimeongezeka mara 6 kuliko kipindi kama hicho mwaka uliotangulia, karibu vyote kwa watu waliokesha mahandakini. Walilala wakiwa wameketi kwenye viti vya turubai, upau wa mbao ukibana mapaja usiku kucha. Alishauri watu wapewe vitanda.

Hospitalini, aliyelifikisha suala hili mbali ni Vijay Kakkar wa King's College, London. Aliwadunga wagonjwa protini ya damu yenye mnururisho kidogo, kisha akapitisha kipima mnururisho miguuni mwao kila siku. Akagundua kwamba madonge mengi huanza mgonjwa angali juu ya meza ya upasuaji, bila dalili yoyote. Kwa hiyo kumsubiri avimbe mguu ni kuchelewa. Mwaka 1975 yeye na wenzake wa nchi kadhaa walitangaza matokeo ya wagonjwa 4,121: dozi ndogo ya heparini ilianza saa 2 kabla ya upasuaji. Katika kundi lisilopewa, donge la mapafu liliua 16. Katika kundi lililopewa, 2.

Tangu mwaka 2008 zimekuja dawa mpya za kumeza zisizodai kipimo cha damu cha mara kwa mara, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Heparini na warfarini bado zinatumika sana, kwa kuwa ni rahisi kununua.

Basi ukiwa na mgonjwa aliyejifungua, aliyepasuliwa au aliyevunjika mguu, waulize wauguzi lini aanze kutembea na kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, msiuchue wala kuukanda. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na akibanwa na pumzi msingoje hata saa moja. Anayetumia warfarini asiruke siku ya kupima damu, wala asibadili ghafla kiasi cha mchicha, kisamvu au sukuma wiki anachokula, maana mboga hizo zina vitamini K nyingi.