SHERIA YA VITA NA WAJIBU WA ASKARI

Mikataba 4 ya Geneva ya mwaka 1949 iliandikwa wakati sehemu kubwa ya Afrika ingali mikononi mwa wakoloni. Iliwalinda hasa askari wa madola yanayopigana. Ama mwananchi aliyeshika silaha kuikomboa nchi yake, hali yake ilikuwa nyingine. Ureno ilidai kwamba Msumbiji ni mkoa wake wa ng'ambo na vita vilivyoanza mwaka 1964 ni jambo la ndani. Kwa hoja hiyo, mpiganaji wa FRELIMO aliyekamatwa alihesabiwa mhalifu, si mateka wa vita.

Nchi huru za Afrika hazikukubali. Tanzania, ambako Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake tangu mwaka 1963, ilikuwa na sababu ya pekee ya kudai mabadiliko. Mkutano wa kurekebisha sheria hiyo ulipofunguliwa Geneva mwezi Februari 1974, swali la kwanza lilikuwa ni nani aketi mezani. Ikaamuliwa kwamba vyama vya ukombozi vinavyotambuliwa na jumuiya za kanda vialikwe. Havikupewa kura, lakini vilipewa sauti. Tarehe 8 Juni 1977 Itifaki ya Kwanza ilipitishwa, na vita dhidi ya ukoloni, ukaliaji wa kigeni na utawala wa kibaguzi vikahesabiwa kuwa vita vya kimataifa.

Haki hiyo ilikuja na wajibu. Mpigania uhuru naye alitakiwa kushika sheria. Ndiyo maana mwezi Novemba 1980 Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, alikwenda Geneva kutoa ahadi mbele ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kwamba wapiganaji wake wataiheshimu. Serikali nazo zilifungwa na kifungu cha 83, kinachozitaka ziiingize sheria hii katika mafunzo ya majeshi yao wakati wa amani, si baada ya risasi kulia.

Tanzania na Msumbiji zilijiunga na Itifaki hiyo mwaka 1983, Rwanda mwaka 1984, Uganda 1991, Burundi 1993 na Kenya 1999. Lakini sahihi ya serikali haimfikii askari kwenye kizuizi cha barabarani kama hakuna aliyemfundisha, wala haifai kitu pale mkubwa wake anapotaka ivunjwe. Rwanda ilikuwa na karibu miaka 10 ndani ya Itifaki wakati askari na polisi wake, pamoja na wanamgambo, waliposhiriki kuwaua raia mwaka 1994. Baadaye Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani maofisa wa ngazi za juu, wengine kwa kushindwa kuwazuia au kuwaadhibu waliokuwa chini ya amri yao.

Afrika ilidai sheria ya vita ibadilishwe, na ikabadilishwa. Kazi iliyobaki haiwezi kuachiwa wageni wanaofika na vijitabu kutoka Geneva. Ni ya mkufunzi kwenye uwanja wa mafunzo, na ya kamanda anayepaswa kusema wazi, kabla ya kikosi kuondoka, kwamba mateka hapigwi, majeruhi hutibiwa na raia haguswi.