Kikombe cha hedhi

Kikombe cha hedhi ni chombo laini chenye umbo la kengele ambacho mwanamke hukivaa ukeni anapokuwa katika siku zake ili kukinga damu. Taulo za kike (pedi, sodo) na tamponi hunyonya damu kisha hutupwa. Kikombe humwagwa, huoshwa na kuvaliwa tena. Vingi hutengenezwa kwa silikoni ya kitabibu, na kikitunzwa vizuri kimoja huweza kufika miaka 10.

Historia

Mwigizaji wa Marekani Leona Chalmers alipata hataza ya kikombe mwaka 1937. Chake kilikuwa cha mpira, na uhaba wa mpira wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ulikwamisha utengenezaji. Mwaka 1987 kikombe kingine cha mpira, The Keeper, kiliingia sokoni Marekani. Vile vya silikoni vilienea mwanzoni mwa karne ya 21, vikawafaa hata wenye mzio wa mpira.

Matumizi

Mikono huoshwa kwanza kwa sabuni. Mtumiaji huchuchumaa, hukunja ukingo wa kikombe na kukiingiza akikielekeza nyuma, upande wa kiuno. Akikiachia hukunjuka na kushika kuta za uke, damu isipenye. Vingi hubeba mililita 20 hadi 30. Kwa kuwa hedhi nzima kwa kawaida ni mililita 30 hadi 40 hivi, wengi hukaa nacho saa kadhaa bila wasiwasi, ila kisizidi saa 12. Wakati wa kukitoa, kitako hubanwa kwanza ili hewa iingie. Kuvuta tu kimkia kilicho chini ya kikombe huumiza. Kila hedhi inapoanza na inapokwisha, kikombe huchemshwa kwa dakika chache.

Kuhama kutoka pedi

Miezi ya mwanzo ndiyo migumu: kikombe huvuja kwa sababu hakikukunjuka sawasawa, au mtumiaji huogopa kwamba kimepotea tumboni. Hakiwezi kupotea, kwa kuwa mlango wa kizazi ni mwembamba mno kukipitisha. Anayeanza hufanya vyema kukijaribu akiwa nyumbani, huku amevaa pedi nyembamba ya tahadhari. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa katika jarida la The Lancet Public Health mwaka 2019 yalionyesha kwamba kikombe hakivuji zaidi ya pedi au tamponi, na kwamba takriban asilimia 70 ya watumiaji walitaka kuendelea nacho baada ya kukizoea.

Usalama

Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango amwone mhudumu wa afya kwanza, kwani kitanzi kinaweza kung'oka. Homa kali, upele au kizunguzungu wakati wa kutumia kikombe ni dalili za kukitoa mara moja na kwenda hospitali. Kikombe kinaweza kunyoosha au kuchana kizinda, lakini hakimwondolei msichana ubikira, maana ubikira ni kutowahi kujamiiana.

Afrika Mashariki

Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo mwaka 2004, na sheria ya 2017 ikaitaka serikali iwape wasichana wa shule sodo bure. Tanzania iliondoa kodi hiyo mwaka 2018, ikairejesha 2019. Mwenye kikombe hayumbishwi na bei ya kila mwezi, wala hajazi choo cha shimo kwa plastiki. Katika Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, vikombe vilijaribiwa na wanafunzi wa miaka 14 hadi 16. Matumizi yao yalipanda polepole, mwezi baada ya mwezi. Kukizoea huchukua muda, kwa hiyo kugawa vikombe pekee hakutoshi. Msichana anahitaji maji safi, sabuni, choo chenye mlango unaofungika, sufuria ya kuchemshia, na mwanamke mzoefu wa kumuuliza bila aibu. Anayetoa kikombe bila kuhakikisha hayo amemwachia mtoto tatizo jingine.