Pikipiki Inapogonga Gia Safarini: Tazama Waya na Cheni Kabla ya Kufungua Injini

Vijana wetu wengi wa Mombasa, Kwale na Kilifi siku hizi hawangoji basi. Likizo ikifika wanafunga mizigo nyuma ya pikipiki na kupanda bara, wengine hadi Kisumu na kuzunguka ziwa. Na wakirudi, malalamiko ni yale yale: gia zinagonga. Kila ukibadilisha, "ko!", hasa ya kwanza kwenda ya pili. Wakifika gereji wanaambiwa injini ifunguliwe, gia zimekwisha. Mimi nasema ngojeni kwanza. Mara nyingi kelele hiyo chanzo chake hakimo ndani ya sanduku la gia, na kufungua injini nzima ni gharama ambayo mwenye boda boda hulipa kwa siku kadhaa za kukaa bila kazi.

Kwanza tujue kelele inatoka wapi. Gia za pikipiki zimeshikana meno wakati wote. Unapobonyeza pedali, gia moja huteleza kando juu ya shafti yake, na vishikio vinene vya ubavuni mwake huingia kwenye matundu ya jirani. Chuma kikiingia katika chuma lazima kilie kidogo. Kwa hiyo mgongo mdogo wa gia ya kwanza asubuhi, injini ikiwa baridi, si ugonjwa. Pleti za klachi zimelala ndani ya oili usiku kucha na zimenatana. Kamata klachi uzungushe pikipiki mbele na nyuma kidogo kabla ya kuiwasha, kisha ukiwa umeshawasha, kamata klachi, hesabu mbili tatu, ndipo uingize gia. Aliyelala Kericho, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ataona tofauti yake kuliko aliyelala Likoni.

Kinachotakiwa kukushughulisha ni kelele inayobaki injini ikiwa imepata moto. Hapo anza na klachi. Jaribio lake ni rahisi na halihitaji spana. Simama mahali tambarare, injini inawaka, gia ya kwanza, klachi umeikamata yote. Je, pikipiki inataka kwenda mbele yenyewe? Je, kupata nyutro ukiwa umesimama ni kazi, lakini ukizima injini inapatikana kwa urahisi? Basi klachi haikatiki sawasawa. Injini inaendelea kuzisukuma gia wakati wewe unazitenganisha, na ndiyo maana zinagongana.

Sisi watu wa pwani tuna sababu yetu hapa. Waya wa klachi unaoishi miaka miwili mitatu karibu na bahari hushika kutu ndani ya ganda lake, mahali ambapo jicho halifiki. Mkono wa klachi unakuwa mzito, nusu ya nguvu yako inapotelea njiani, klachi haifunguki yote. Toa ncha ya juu ya waya, funga kifuko cha plastiki kama mrija, tia oili nyepesi, uiache ishuke usiku kucha. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika, usiupake mafuta, nunua mwingine. Kisha pima ulegevu: kwa pikipiki nyingi ndogo, ncha ya mkono wa klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla ya kuanza kuvuta. Ukizidi sana, klachi haifunguki. Ukikosekana kabisa, klachi inateleza na kuungua. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho.

Sasa cheni, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wasafiri wanapoumia bila kujua. Nilikuwa natoka Kisumu kwenda Kendu Bay, ambako kuna jamii kongwe ya Waislamu na msikiti wao wa Tawakal. Ukishapita Ahero na mashamba yake ya mpunga unakata kuelekea Katito, unaingia Nyakach, na Pap Onditi iko huko. (Pap kwa Kijaluo ni uwanja, eneo la wazi, na ukifika utaona jina limekaa mahali pake.) Gia zangu zilikuwa zikigonga tangu Nakuru. Gereji moja ya Mombasa ilikuwa imenikazia cheni siku moja kabla ya safari, pikipiki ikiwa tupu.

Fundi wa Pap Onditi, kijana wa makamo ya ishirini na kitu, hakugusa injini. Aliniambia, "Mzee, panda, na mizigo yako yote." Nikapanda. Akachuchumaa, akaisukuma cheni juu na chini kwa kidole. Ilikuwa imekaza kama uzi wa kinanda. Akazungusha gurudumu, akapima tena, akapima mara ya tatu. Mahali pamoja imekaza, mahali pengine ina nafuu.

Maana yake ni hii. Ukipakia mizigo au abiria, shoki za nyuma zinashuka na gurudumu la nyuma linasogea. Katika pikipiki nyingi cheni hukaza zaidi pale sproketi ya mbele, kiungo cha mkono wa gurudumu na ekseli ya nyuma vinapokaribia kuwa mstari mmoja. Cheni iliyokuwa sawa gereji, pikipiki ikiwa tupu, inakuwa kamba iliyovutwa barabarani. Inaivuta shafti ya gia na beringi zake, na gia haziwezi tena kuteleza kwa ulaini. Cheni ikilegea mno nayo ina lake: kila ukiachia mafuta na kuyarudisha inapiga mjeledi, na kishindo hicho unakisikia mguuni ukidhani ni gia. Pikipiki nyingi ndogo za barabarani hutakiwa ulegevu wa milimita 20 hadi 30 katikati ya cheni. Zile ndefu za njia mbovu hutaka zaidi. Pima mahali ilipokaza zaidi, si ilipolegea. Ndugu zetu wa boda boda wanaobeba mishikaki wanaitesa cheni hivi kila siku, licha ya kwamba sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu.

Yule kijana alilegeza, akasafisha vumbi lililoganda na grisi, akapaka oili. Kutoka hapo hadi Kendu Bay kelele ilikuwa imepungua zaidi ya nusu. Iliyobaki ilikuwa ya oili.

Oili ya pikipiki ina kazi tatu kwa pamoja: injini, klachi na gia, zote zinaogelea humo humo. Meno ya gia huikatakata oili hadi inapoteza uzito wake, na dalili ya kwanza ya oili iliyochoka ni gia kuwa ngumu na zenye kelele, hata kama kwenye kijiti bado inaonekana nzuri. Tazama chupa iwe na alama ya JASO MA au MA2, kipimo cha Kijapani cha pikipiki zenye klachi inayolowa oili. Alama ya MB ni ya skuta. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi yako huishi kwa msuguano.

Mguu nao una makosa yake. Tunaendesha na kandambili, tunabonyeza gia polepole kana kwamba tunaihurumia. Gia haitaki huruma. Weka mguu, bonyeza kidogo kabla ya kukamata klachi, punguza mafuta, kamata klachi, na gia itaingia kwa mkupuo mmoja. Ukishuka gia, tia mafuta kidogo ili injini ifikie kasi ya gurudumu. Ya kwanza kwenda ya pili italia zaidi kuliko nyingine, kwa sababu tofauti ya kasi kati yake ni kubwa na nyutro iko katikati. Angalia pia injini ikitulia isizunguke mno. Pikipiki nyingi ndogo hutaka karibu mizunguko 1,400 kwa dakika.

Yakibaki hayo yote yamefanywa, kagua raba zilizo ndani ya habu ya nyuma. Zikila, kila badiliko la gia ni nyundo. Hizo hubadilishwa bila kufungua injini.

Injini ifunguliwe pale gia inaporuka yenyewe ukiwa unavuta mlima, kama kupanda Nyabondo kutoka bondeni, au oili ikitoka na vipande vya chuma. Gia inayoruka usiivumilie hata siku moja, hasa ukiwa mbele ya lori kwenye mteremko wa Kericho.