Habari za Viziwi na Shule Zao

Wazee husema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na tena, "Sikio la kufa halisikii dawa." Methali hizi zina hekima, lakini zaweza kutupoteza, maana ndani yake kusikia ni kutii, na asiyesikia huhesabiwa kuwa mkaidi. Sisi walimu wa huku Bugomora tumekosa katika jambo hili. Alikuwako mtoto aliyekaa nyuma darasani. Akiitwa haitiki, nasi tukamwadhibu mara nyingi. Baadaye ikajulikana kuwa masikio yake yalitoka usaha tangu utotoni, wala sauti yetu haikumfikia. Kwa ajili ya kosa hilo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za viziwi.

Zamani huko Ulaya watu wengi walidhani kwamba asiyesikia hawezi kufundishwa. Karibu na mwaka 1760 padre Mfaransa, Charles-Michel de l'Épée, akafungua shule mjini Paris. Aliwakuta viziwi wakizungumza wao kwa wao kwa ishara za mikono. Akajifunza kwao, kisha akazitumia ishara kuwafundisha kusoma na kuandika. Mwaka 1817 shule ya namna hiyo ikafunguliwa Marekani.

Lakini mwaka 1880 walimu walikutana Milan, Italia, karibu wote watu wenye kusikia. Wakakata shauri kwamba viziwi wafundishwe kutazama midomo na kusema, na ishara ziachwe. Basi katika shule nyingi watoto wakakatazwa kutumia mikono yao, na walimu viziwi wengi wakapoteza kazi. Ilipita miaka 130 hata mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 2010, ukayakataa maazimio yale na kusikitikia madhara yake.

Katika Afrika alitokea Andrew Foster, Mmarekani mweusi, aliyepata uziwi akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Alifungua shule nchini Ghana mwaka 1957, kisha nyingine katika nchi nyingi. Kwetu, shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 kwa kazi ya Kanisa Katoliki. Ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Katika mkoa wetu wa Kagera iko shule ya Mugeza, Bukoba. Na ng'ambo, katika Uganda, Alex Ndeezi, naye kiziwi, aliingia Bungeni mwaka 1996, akinena kwa mikono na mkalimani akimfasiria.

Uziwi huletwa na surua, homa ya uti wa mgongo, usaha wa masikio, dawa nyingine kali, na uzee. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kwa watoto, sehemu 60 katika 100 za uziwi zingeweza kuzuiwa. Basi mtoto akiitwa asiitike, tusitangulize fimbo. Tusimame nyuma yake tupige makofi, tuone kama atageuka. Asipogeuka apelekwe zahanati. Asikiaye kidogo akae mbele darasani. Aliye kiziwi kabisa asifichwe nyumbani, bali atafutiwe shule.

Yule mtoto wetu tulimhamishia mbele, na kabla mwaka haujaisha alikuwa akisoma kitabu chake. Nasi hata leo twaona haya tukizikumbuka fimbo zile.