Karatasi ya Klorini

Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilithibitisha Ebola wilayani Kasese. Alikuwa mtoto aliyevuka mpaka na familia yake akitokea Kongo. Alifikishwa Kagando, kisha Bwera. Huenda bado unaikumbuka harufu ya klorini siku zile, kuanzia Mpondwe hadi wodini.

Mikono iliwekewa maji ya asilimia 0.05, sakafu 0.5, yaani makali mara kumi. Unga wenyewe ndooni hufika asilimia 70. Huo si wa kuchezea!

Kemikali kama hiyo huwa na karatasi yake ya usalama. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa ulikubaliana mpangilio mmoja: sehemu 16, zikifuatana vilevile kwa kila kemikali. Ya 4 ni huduma ya kwanza. Ya 7, utunzaji. Ya 10 hueleza isichanganywe na nini, na hiyo ndiyo msafishaji asomewe kwanza. Klorini ikikutana na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ileile iliyoua askari kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915.

Mara nyingi karatasi hiyo hukaa ofisini, tena kwa Kiingereza. Iulizie. Anayeielewa aifasiri kwa Lukonzo, ibandikwe mlangoni pa stoo.