Vita vya Soda: Jumanne ya Tangazo (Sehemu ya 2)

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA
Mwaka 1975, mjini Dallas, Pepsi iliwawekea wateja vikombe viwili visivyo na jina. Onja, kisha chagua. Wengi walichagua Pepsi, na matangazo ya televisheni yakahakikisha taifa zima linajua. Miaka ya 1980 ilipoingia, Pepsi ilikuwa imeshaipita Coca-Cola kwenye maduka makubwa ya vyakula. Huko Atlanta, mwenyekiti wa Coca-Cola, Roberto Goizueta, mhandisi wa kemia mzaliwa wa Cuba, akaamua kuigusa ladha ambayo kampuni yake ilijivunia kuilinda tangu 1886.

SASA ENDELEA...

Waandishi wa habari waliitwa New York, Jumanne ya Aprili 23, 1985. Lakini siri ilishavuja, ikamfikia Roger Enrico, bosi wa Pepsi nchini Marekani.

Enrico hakupoteza muda. Aliandika barua ya pongezi kwa watu wake wote, akalipia ukurasa mzima magazetini ili Marekani yote iisome. Ujumbe ulikuwa mkali: mpinzani amesalimu amri, amebadilisha soda yake ifanane na yetu. Ijumaa ni mapumziko, hakuna kazi!

Asubuhi ya Jumanne tangazo hilo lilikuwa mitaani kabla Goizueta hajafungua mdomo. Alipoingia ukumbini Lincoln Center akiwa na rais wa kampuni, Donald Keough, baadhi ya waandishi walikuwa na maswali waliyopewa na watu wa Pepsi wenyewe.

Goizueta akatangaza Coca-Cola mpya, bora kuliko ile ya zamani. Mikono ikanyooshwa. Je, mmebadilisha kwa sababu ya Pepsi? Akakana. Basi tueleze, ladha yake ikoje? Hapo mkuu wa kampuni kubwa kuliko zote za soda duniani akaanza kutafuta maneno.

Hata hivyo, moyoni hakuwa na wasiwasi. Mezani kwake kulikuwa na matokeo ya majaribio kwa karibu watu 200,000. Walionja ya zamani, wakaonja mpya, wakaonja na Pepsi. Mpya ilishinda.

Ila hesabu hiyo ilikuwa na tundu. Mtu akipewa funda moja, kilicho kitamu zaidi humvutia haraka. Akimaliza chupa nzima, utamu huohuo unaweza kumkinai. Tena walioonja hawakuambiwa kwamba mpya ikiingia, ya zamani inaondoka sokoni. Waliulizwa kipi kitamu. Hawakuulizwa wako tayari kupoteza nini.

Katika vikundi vya mazungumzo, wachache walikasirika waliposikia wazo la kuibadilisha Coca-Cola, na hasira yao ikawaambukiza wenzao waliokaa nao. Wakubwa wa Atlanta waliwaona, wakawapuuza.

Mwanzoni mauzo yalikwenda vizuri. Kisha simu zikaanza kulia.

Kabla ya tangazo, namba ya wateja ilikuwa ikipokea simu 400 kwa siku. Juni ilipofika zilikuwa 1,500. Wengine walifoka, wengine walilia. Kampuni ikamweka daktari wa magonjwa ya akili asikilize simu hizo. Jibu lake liliwaacha wakubwa midomo wazi: baadhi ya wapigaji waliongea kama watu waliofiwa na ndugu.

Huko San Antonio, Texas, mtu mmoja aliendesha gari hadi kiwandani akanunua Coca-Cola ya zamani ya dola 1,000, aifiche nyumbani. Seattle, Gay Mullins aliunda chama cha kuidai soda yake irudi. Atlanta kwenyewe, nyumbani kwa kampuni, watu waliandamana na mabango.

Kosa la Goizueta halikuwa ladha. Kosa lilikuwa kudhani kwamba anayetengeneza soda ndiye mwenye soda. Watu hawa walikuwa wameinywa tangu utotoni, kwenye harusi zao na kwenye viwanja vya mpira. Ilikuwa yao, na hakuna aliyewaomba ruhusa.

Sasa Goizueta alikuwa njia panda. Akishikilia msimamo, wateja wanazidi kukimbia. Akirudi nyuma, anakiri mbele ya dunia kwamba Enrico alisema kweli. Viwanda vinavyojaza chupa navyo vilishachoka: wauzaji wao walikuwa wakitukanwa mitaani.

Alasiri moja ya Julai, mamilioni ya Wamarekani wakiwa wametulia wanatazama tamthilia ya General Hospital, kituo cha ABC kikaikata katikati. Kwenye skrini akatokea Peter Jennings, mtangazaji mkubwa wa habari. Alikuwa na taarifa kutoka Atlanta.

Je, Goizueta amekubali kula matapishi yake? Na Enrico, aliyewapa watu wake mapumziko ya ushindi, alisherehekea mapema mno? Usikose sehemu ya tatu Jumamosi ijayo.

ITAENDELEA